Baba mkwe kanijazia tanki

Baba mkwe leo nusura aniulie injini, na nina furaha ajabu.

Mnaijua gari yangu. Ina turbo, injini yake inabana hewa na mafuta kwa nguvu sana, petroli ikiwa mbovu kidogo tu inalalamika.

Asubuhi nilikuwa Mwandoya ukweni. Tangu nimwoe binti yake, mzee hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu. Leo naaga, namwona anakuja na galoni.

"Mkwilima wangu, hutoki kwangu tanki tupu."

Akamimina mwenyewe, anatabasamu.

Ndipo harufu ikanifikia. Petroli ya pampu ya kupulizia pamba dawa! Ile inayochanganywa na oili!

Sasa jamani, mkono wa mkweo unauzuiaje mbele ya ukoo mzima?

Nikainama, nikashukuru.

Njiani kila nikikanyaga, injini inagonga kama kuna mtu anatwanga ndani. Nikaenda mwendo wa mkokoteni hadi Bariadi. Fundi akatoa mafuta yote, tukatia petroli safi. Kimya. Injini nzima!

Simu ikaita. "Mafuta yamekufikisha?"

"Yamenifikisha, baba."

Mngemwambia ukweli nyie?

Mimi Jumapili narudi. Ila tanki nitalijaza mpaka shingoni, ili safari hii anipe kuku.