Daftari la Evariste

Arlette hakuzaliwa na shaka. Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, ndiyo iliyomfundisha. Hapa kambini mtu akipata safari ya Ulaya huwaficha hata ndugu zake mpaka siku ya basi, kwa kuogopa kijicho. Majirani zake wangapi waliondoka hivyo, nguo zao zikiwa bado kwenye kamba.

Kwa hiyo alipokuta daftari chini ya mto wa mumewe Evariste, moyo ulimpasuka. Safu tatu za maneno: Kilatini, Kihispania, Kiingereza. Visitare, visitar, visit. Chini yake, kwenye Kihispania, akaona partir, neno ambalo ni la Kifaransa pia, na mtu wa Bukavu, Kongo, gani hajui Kifaransa? Kuondoka. Evariste alifundisha Kilatini huko nyumbani, sawa, lakini Kihispania cha nini? Na mbona kila Alhamisi avae koti aende Lilongwe bila kuaga? Faili letu la kuhamishiwa Ulaya limepita Hispania, akajisemea, na mwanaume huyu anakwenda peke yake.

Hakuuliza, maana anayeuliza hudanganywa. Jumatatu alikwenda ofisi ya wakimbizi, akaomba yeye na watoto, Vainqueur na wadogo zake, watolewe kwenye faili la Evariste wawe na lao. Hasira humpa mtu mwandiko mzuri. Alitia sahihi, akarudi kupika.

Alhamisi akamfuata mpaka Area 49, mtaa wa Lilongwe. Dirishani mwa nyumba ya masista akamwona mbele ya ubao, na sista mzee Mhispania akinakili kwa bidii. Evariste alikuwa akimfundisha Kiingereza. Alimweleza, kwa Kifaransa chepesi, kwamba Kihispania ni mtoto wa kuzaliwa wa Kilatini; Kiingereza ni mtoto wa jirani, ila alikula sana jikoni humo, ndiyo maana maneno mengi yanafanana. Sista alicheka. Arlette aliona aibu.

Evariste alipomwona akatoka nje, kichwa chini.

“Mama Vainqueur, nilificha juu sina ruhusa ya kufanya kazi huku. Nilisema, polisi bakikuuliza, we ukuwe hujui kitu.”

Arlette akamwambia yote aliyodhani: daftari, Hispania, safari ya siri. Evariste akacheka kidogo, kwa huruma.

“Mi niende wapi bila nyinyi?”

Arlette alishindwa kumtazama.

“Nilishatoka kwenye faili lako na watoto, Baba Vainqueur. Jumatatu. Kwenye karatasi we uko peke yako.”