Nusu ya Kidonge

Mwaka niliokuwa nikinunua ngozi Endulen na Kakesio, siku moja nilirudi Karatu nikamkuta dada yangu akishona sare za shule, na mapindo yote yamekwenda upande. Dada yangu hakuwa mtu wa kupindisha mshono. Wafugaji walimshushia mashuka yao kutoka juu Ngorongoro kwa sababu uzi wake haukufumuka hata shuka likitafunwa na ng'ombe.

"Ni mguu," alisema kabla sijauliza. "Huu wa kushoto. Nauambia kanyaga, unakanyaga baadaye."

Cherehani yake ilikuwa ya miguu. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, shamba hana. Mguu ukigoma, ndiyo basi. Tulilijua hilo wote wawili.

Miaka miwili nyuma alikuwa amepasuliwa rovu. Huku kwetu mlimani, uvimbe ule wa shingo ulikuwa wa kawaida mno, mtu asingegeuka kuutazama. Daktari wa misheni alipoutoa alimwambia tezi iliyobaki haitoshi, kwa hiyo kila asubuhi atameza kidonge kidogo cheupe cha homoni, maisha yake yote. Sasa majirani walikuwa wameshakata shauri: vidonge ndivyo vinavyoula mguu. Dawa ya kila siku, kwa mtu asiyelazwa kitandani kwa ugonjwa, itaacha kumdhuru?

"Nivitupe?" aliniuliza.

"Ngoja kwanza nitazame."

Mimi ni kiguu na njia, sikai mahali. Lakini safari ile nilikaa wiki tatu, kwa kuwa jambo lenyewe lilinishika. Nilichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa nikawa naandika nyuma ya mlango. Asubuhi ya ukungu: mguu unakwenda. Baada ya kuoga maji ya moto: mguu umekuwa uji. Jicho la kulia: kama anatazama kupitia mvuke. Jioni kando ya moto: mguu haufai.

Na hapo motoni alikuwa habanduki. Hata mchana wa jua kali alijifunga blanketi na kulivuta jiko la mkaa hadi kwenye cherehani. Uso ulikuwa umemvimba, sauti imekwaruza na kuwa nzito.

"Unaota moto saa saba mchana?"

"Baridi."

"Baridi gani? Mimi natoka jasho."

"Wewe umezoea kulala porini na fisi. Niache."

Asubuhi moja, kabla ya chai, mama wa nyumba ya pili aliingia. Naye alikuwa na rovu, kubwa kama yai la bata, na mkononi ameshika wembe.

"Fundi, nikatie."

Nilidhani ni uzi. Dada akatoa kidonge, akakiweka juu ya ubao wa cherehani, akakipasua katikati. Nusu akameza yeye, nusu akameza jirani.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu masika," alijibu dada. "Huyu ni wa leo. Kesho ni zamu ya mwingine."

"Daktari alisema nusu?"

"Daktari haishi hapa. Mwenzangu ana uvimbe kama niliokuwa nao mimi. Nimeze peke yangu, yeye ananitazama?"

Nikamgeukia jirani. "Mama, si ninyi mnaosema vidonge vinakula miguu?"

"Kizima ndicho kinachokula," alisema, akijifuta mdomo. "Nusu haina meno."

Siku mbili baadaye tulipanda lori kwenda misheni. Dada alikuwa amenionya nisiseme habari za nusu. Nilisema. Daktari hakukasirika, alifunika macho kwa kiganja, mabega yakatikisika kwa kicheko. Kisha akaanza kazi. Alimkwaruza unyayo kwa ufunguo, kidole gumba cha mguu kikainuka juu badala ya kujikunja. Alimchungulia jicho. Habari za maji ya moto alinitaka nizisimulie mara mbili.

"Mama, una magonjwa mawili na kosa moja," alisema. "Kosa tunaliondoa leo. Homoni ikipungua, unavimba na kuona baridi. Baridi inakupeleka motoni, na moto unauchosha mguu. Lakini mguu wenyewe una ugonjwa wake."

Aliniandikia jina: multiple sclerosis. Mishipa ya fahamu, alisema, imevikwa utando kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Utando ukiliwa, habari inafika mguuni imechelewa. Kwao ng'ambo aliwaona wagonjwa wa namna hiyo. Huku kwetu alikuwa hajaona hata mmoja, na vyombo vya kuthibitisha hakuwa navyo.

"Nani anaula huo utando?" niliuliza.

"Askari wa mwili wenyewe."

"Kama mbwa wa boma anayeng'ata ndama wa nyumbani," alisema dada.

"Hasa."

"Na vidonge ndivyo vilivyomfungulia mbwa?"

Daktari alirudisha ufunguo mfukoni. "Sina ushahidi wa hilo. Vidonge vinarudisha kilichopungua tu. Huenda mbwa huyo ndiye aliyeing'ata tezi yako kwanza, kabla hata sijaigusa mimi. Huenda. Lakini ukiviacha utazidi kuganda kwa baridi, na hilo halitauponya mguu."

"Na wenzangu?"

"Waje hapa. Si kila rovu linataka kidonge chako."

Dada aliwapeleka mwenyewe, wanawake wanne, yeye mbele na fimbo yangu ya safari. Nami nikarudi Kakesio.

Niliporejea baada ya miezi miwili, jiko la mkaa lilikuwa uani, kuku amelitagia. Uso wa dada ulikuwa umerudi kuwa wake, sauti pia. Mguu wa kushoto bado ulichelewa. Nilikuwa nimemletea kutoka Arusha mkono wa cherehani, ule wa kuzungushwa, tukaufunga kwenye gurudumu. Pindo la kwanza lilikwenda kama njia ya mbuzi. Akalifumua kwa meno.

"Usinitazame. Nenda kaoge, unanuka ngozi."

Nilikwenda. Jioni, nikifunga mlango, niliona chini ya maandishi yangu ya chaki mstari mwingine, kwa mwandiko wake:

Leo: kimoja kizima. Mguu: uleule. Pindo: limenyooka.