Bangili za Mapacha

Asubuhi ile niliondoka Tabora kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimekauka. Sababu nyingine sina. Nilikuwa nimevifua jana yake na kuviegemeza ukutani, na nilipoamka nikaviona vimeelekea barabarani. Nikavivaa. Nikatia kwenye mkoba koleo mbili, tupa, kinyundo, kipande cha mpini wa jembe, shuka na mzingo wa waya wa shaba, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui bado."

Akacheka. Akasema kuna watu walizaliwa njiani, ni vile tu mama zao hawakuwaambia.

Shule niliiacha darasa la sita. Dirisha la darasa letu lilitazama reli, na mimi kila behewa lililopita nilitaka kujua limebeba nini na linakwenda kushushwa wapi. Tangu hapo nimeishi hivyo, kuuliza na kuhama. Nimechoma mkaa, nimepakia tumbaku, nimefuata warina asali porini kwa sababu tu nilitaka kuona wanavyoongea na nyuki. Kazi iliyokaa mkononi ni moja: kusuka mapambo ya waya. Hereni, mkufu, bangili, vyote vya seti moja, vifanane.

Nilifundishwa na mama mmoja mwenye meza sokoni mjini. Alikuwa hataki maneno mengi. "Usimalize moja ndipo uanze ya pili," aliniambia siku ya kwanza. "Mkono unasahau. Kunja hii, kunja na ile. Kata hii, kata na ile. Zikue pamoja." Mpaka leo nafanya hivyo. Bangili zangu huishia na konokono, yaani ncha ya waya imeviringwa ikawa duara dogo, halafu ikagongwa kwa kinyundo ilale bapa. Bibi harusi wa mjini hutaka konokono wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto watazamane, kama watu wawili mlangoni. Nimetengeneza nyingi za namna hiyo hata vidole vinajiendea vyenyewe.

Basi nikatembea. Nikapita Kwihara jua likiwa bado changa, nikashika njia ya magharibi, ile ya misafara ya zamani. Wapagazi walipita hapa wamebeba masango, mizingo ya waya mnene, inaning'inia kwenye mti begani. Niliwaza kwamba na mimi nimebeba waya kama wao, tena wangu mwepesi, na nikajiona nina bahati. Mkono wangu wa kushoto, toka kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa umejaa bangili. Hilo ndilo duka langu. Mtu akiziona ziking'aa huniita mwenyewe.

Kijiji nilichokifikia kabla ya saa sita sikukijua, na sitakitaja. Kilikuwa na ghala la tumbaku, mashine ya kusaga, na bondeni kibanda cha pampu ya maji chenye mlango uliong'olewa. Kina mama walikuwa wamepanga ndoo kwenye kisima cha kuchimba kwa mkono, wanachota maji ya rangi ya chai.

"Mwangaluka, akina mama," nikasema, salamu ya asubuhi ya huku.

Hakuna aliyeitikia.

Katika nchi hii mtu anaweza kukunyima maji, lakini salamu atakupa. Nikadhani hawakusikia. Nikarudia. Mmoja akaweka ndoo chini, akautazama mkono wangu wa kushoto kuanzia chini kupanda juu.

"Hebu muoneni," akawaambia wenzake. "Ametuvalia maji yetu."

"Kaona yanampendeza," akasema mwingine, wala hakucheka.

Filimbi ikalia nyuma ya nyumba. Ya pili ikaijibu kutoka shambani, na ya tatu kutoka upande niliotoka. Hapo ndipo nilipozitambua. Ni filimbi za sungusungu, ulinzi wa kijiji, na nimekaa Unyamwezini vya kutosha kujua kwamba mtu akikimbia filimbi hizo hapelekwi kokote. Huishia hapo alipofikia. Nikasimama, mikono nikaitoa mbali na mwili. Bangili zikagongana, zikapiga kelele kama njuga.

Walinikalisha mbele ya ghala. Walikuwa wengi, wengine na fimbo, mmoja na upinde. Mkuu wao, ambaye huku huitwa mtemi, alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na sauti ndogo.

"Shikamoo, mtemi," nikasema.

"Marahaba," akaitikia, na nusura nilie kwa kuipata salamu ile. "Toa vilivyomo."

Nikatoa. Mzingo wa waya ulipotua kwenye vumbi watu wote wakavuta pumzi pamoja. Kijana mwenye fimbo nyeupe akasema, "Mtemi, tusijichoshe. Mwizi wa ng'ombe hukamatwa na kamba. Wa mota huyu hapa na waya."

Ndipo nikaelezwa. Siku chache nyuma mota ya pampu yao iliibwa kibandani. Gamba lake walilikuta kichakani, limechomwa moto ili waya wa ndani utoke, na harufu ya kuungua iliingia hadi vyumbani. Kijiji kizima kiliinusa. Toka siku hiyo wanakunywa chai ile niliyoiona.

"Huu umeupata wapi?" mtemi akauliza.

"Nimeununua mjini, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu."

"Anaitwa nani?"

"Simjui jina."

"Unanunua kitu kwa mtu usiyemjua jina?"

"Na yeye langu halijui, mtemi."

Nilidhani jibu hilo ni la kweli tu. Likasikika kama ufidhuli. Fimbo ikanigusa bega, si kwa nguvu, kama mtu anayepima kitambaa.

Kilichonitisha zaidi ya fimbo ni kwamba sikujua. Waya ule kweli ulikuwa wa mota. Nilikuwa nimeuchagua kwa sababu hiyo, maana umepakwa rangi ya kung'aa na hauachi ukijani kwenye ngozi. Na ulikuwa na masizi upande mmoja. Niliyafuta kwa kitambaa nikafurahia ulivyong'aa. Mimi ninayeuliza nyuki habari zao, siku ile sikuuliza. Huenda nilikuwa nimekaa mbele ya watu wale nikiwa na pampu yao mkobani kweli.

Kukatokea bibi mmoja mrefu, na nyuma yake binti yake. Kila mmoja amebeba mtoto, na watoto wale walikuwa sura moja kabisa: kurwa na doto, mapacha wa binti.

"Nyinyi mnasema mwizi, yeye anasema fundi," bibi akasema. "Sawa. Mwizi anajua kukata. Kufananisha hajui. Awatengenezee hawa, moja moja. Zikifanana, ni fundi."

"Kwani fundi hawezi kuiba?" kijana wa fimbo akauliza.

"Anaweza. Lakini angalau tutakuwa tumejua tunampiga nani."

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka. Mapacha huku si watoto wa kuchezea. Ukimpa mmoja, unampa na mwenziwe, kitu kilekile, kwa wakati uleule. Hata ukimsalimia mmoja ukamruka wa pili, na wa pili akaamka na homa, utatafutwa. Bibi yule alikuwa ameniokoa na kunitia shimoni kwa sentensi moja. Bangili zikipishana, sitakuwa mwizi tu, nitakuwa mtu aliyewagawa mapacha.

Mtemi akaafiki. Ila mzingo akauweka chini ya mguu wake. "Huu ni kidhibiti," akasema. "Kata vipande viwili, mara moja. Hukati tena."

Nikapima viganja vya watoto kwa unyasi. Doto alikuwa mwembamba zaidi, nikatumia kipimo cha kurwa kwa wote wawili, na nikamwona bibi akitikisa kichwa kukubali. Nikakata. Nikaanza kwenye mpini wa jembe, nakunja hii, nakunja ile. Jasho lilifanya koleo iteleze. Watu walinizingira hata nikafanya kazi kwenye kivuli cha miguu yao, na kila fimbo iliyohama kutoka mkono hadi mkono niliisikia. Nikajiambia nisitazame juu. Nikaviacha vidole viende vinavyojua. Nikavingirisha konokono wa kwanza, nikavingirisha wa pili, nikawagonga kwa kinyundo, nikampa bibi zote mbili kwa mkono mmoja na kwa mara moja.

Bibi akaziweka kwenye kiganja. Akazitazama muda mrefu.

"Hii inazunguka kwenda mashariki," akasema. "Hii magharibi."

Vidole vyangu vilikuwa vimemtengenezea bibi harusi.

"Hawa wamelala tumbo moja," bibi akasema polepole. "Wewe unawatuma huku na huku?"

Binti yake akamvuta mtoto kifuani. Hapo hasira ya pampu ikapata mguu wa pili. Nikasikia neno la Kinyamwezi ambalo silijui, likarudiwa nyuma, na mwenye upinde akasogea mbele.

"Nitaigeuza," nikasema. "Mtemi, naigeuza sasa hivi."

Lakini shaba iliyogongwa huwa ngumu. Ukiinyoosha ikiwa baridi inakatika, na kipande kingine sikuwa nacho. Dawa yake ni moto: uipashe mpaka iwe nyekundu, uitie majini, ilainike. Na waya wa mota ukiingia motoni unatoa harufu. Harufu ileile. Nilikaa na bangili mkononi nikijua kwamba nisipoichoma nimewagawa mapacha, na nikiichoma watu hawa wote watanusa kile walichonusa walipoibiwa.

"Nini tena?" mtemi akauliza.

Nikaiweka bangili chini. "Mtemi, waya huu ni wa mota. Nikiutia motoni utanuka kama mota yenu. Nauambia umma kabla haujanusa. Kama ni wa kwenu au si wa kwenu, mimi mwenyewe sijui. Nimeununua nilivyosema."

Kuku akapita katikati yetu bila haraka.

"Choma," mtemi akasema.

Nikachoma zote mbili, maana ukipasha moja peke yake rangi zitapishana. Binti wa bibi alileta jiko la mkaa. Moshi wa kwanza ulipanda mwembamba, halafu harufu ikafika, na niliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine, kama mtu anapita akizima taa. Mama wa kisimani akafunika pua kwa kanga.

"Ndiyo hiyo!" kijana wa fimbo akapiga kelele. "Ndiyo yenyewe!"

Nikafumba macho. Nilitarajia fimbo nyuma ya kichwa.

"Hata mota ya mashine yangu ilipoungua ilinuka hivyo," ikasema sauti ya mwanamume mmoja, mwenye unga kwenye nyusi. "Hiyo ni harufu ya mota, siyo ya mwizi."

"Na mwizi gani atachoma waya mbele ya wenye waya?" bibi akauliza.

"Mwizi mwerevu, bibi."

"Mwerevu angepita na njia nyingine, mjukuu wangu. Siyo hapa, mkono umejaa bangili kama mwali wa ngoma."

Safari hii walicheka zaidi, na mimi nikafungua macho. Nikazitia bangili kwenye maji yale ya chai, zikapiga mluzi. Zilikuwa zimepoteza mng'ao, zimekuwa za rangi ya udongo. Nikamnyoosha konokono wa upande wa magharibi taratibu, nikamgeuza, nikamgonga, nikamgonga na mwenzake mara zilezile. Bibi akazilaza moja juu ya nyingine, akapitisha ukucha ukingoni. Kisha yeye na binti yake wakawavisha watoto kwa pamoja, huku wakitazamana ili asitangulie mtu. Kurwa akaitia ya kwake mdomoni. Doto naye akaitia.

Mtemi aliinuka na mzingo wangu. "Kesho asubuhi watu wangu wawili watakwenda mjini na waya huu, pamoja na wewe. Utatuonyesha huyo asiye na jina. Leo utalala kwa bibi. Hatukufungi." Akanisogelea. Sauti yake ikawa ndogo zaidi. "Ukiwepo kesho, wewe ni mgeni wetu. Usipokuwepo, hatutakuwa na la kuulizana."

Chumba nilichopewa kilikuwa cha mwisho wa nyumba, karibu na shamba. Kitanda cha kamba, mtungi, harufu ya tumbaku iliyowahi kuning'inizwa darini. Mlango ulifungwa kwa kipande cha uzi. Kupitia pengo lake niliiona njia niliyoijia, nyeupe, haina mtu, na jua lilikuwa bado halijazama. Maisha yangu yote nikiona njia kama ile, miguu hunitangulia. Ilinitangulia hata pale; nikajikuta nimesimama, mkoba begani. Mjini kuna mtu aliyeniuzia waya wenye masizi. Kesho akisema hanijui, nitakuwa nimerudi kwa miguu yangu mwenyewe kwa watu wenye fimbo.

Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanagonga bangili zao kwenye sufuria, na bibi anawakemea wote wawili kwa neno moja.

Nikaushusha mkoba. Nikavua viatu, nikafungua mlango, nikaviweka nje kizingitini, ncha zimeelekea ndani, mahali ambapo kila apitaye angeviona. Kisha nikarudi kukaa kitandani miguu mitupu.

Bibi akaita kutoka jikoni, "Fundi! Unakula ugali wa mtama?"

"Nakula, bibi," nikaitika.