Tone Jekundu

Jirani yetu, mtafiti wa konokono wa msituni, daima ana madoa ya rangi ya kucha ya mke wake vidoleni. Kila Jumamosi hufuata barabara ya Bengamisa hadi msituni, huweka tone jekundu kwenye kila ganda, kisha humrudisha konokono majanini polepole, kama analaza mtoto. Baadaye huwatafuta wenye tone, apate kukisia wangapi wamebaki. Wanazidi kupungua, na sauti yake inafifia nao.

Jana sokoni mimi naye tulikuta beseni la mama muuza konokono wa kula limejaa matone mekundu.

“Papa profesa, aksanti kwa ile rangi!” mama alicheka. “Mbele tulikuwa tunatafuta mpaka macho inauma. Sasa tunawaona tangu mbali.”

Jirani aliingiza mikono mfukoni.