Alama Isiyopaswa Kuishia Jalalani

Saa moja asubuhi, Fuatino Peleti amepiga magoti barazani kwake Salelologa, Samoa, msasa mkononi, anafuta ubaoni mchoro alioumaliza jana. Majirani wamezoea kumsikia akiimba kazini. Leo haimbi.

Ana miaka hamsini na miwili, nusu yake ameimaliza akichora mabango na alama za biashara. Bango moja humpa tala mia na hamsini, fedha ya huko. Safari hii alama ni ya pakiti za koko, kakao ya kunywa, za jirani yake Luse, mjane. Duka moja la mji mkuu, Apia, limekubali kuzipokea, mradi ziwe na alama ifikapo Ijumaa.

Fuatino alichora malu, ule mchoro wa pembe nne ambao wanawake wa Samoa huchanjwa miguuni. Unaonekana kutoka mbali. Tena, anakiri, alikuwa anamkumbuka marehemu mama yake, aliyezikwa nao.

Jana jioni akaja Vaitoa, shangazi yake Luse. Aliutazama mchoro, kisha akapandisha kidogo shuka lake la lavalava, juu ya goti.

“Wangu huu hapa, mwanangu. Niliulilia siku nzima. Hebu niambie, koko ikiisha, pakiti inakwenda wapi?”

“Jalalani, mama.”

“Basi umejijibu.”

Fuatino anasema alikosa pa kuuweka uso. “Miaka yote hii, nimekuja kujikwaa kwenye kizingiti cha kwetu.”

Sasa anachora kikombe cha bati chenye mkono, na mistari miwili ya mvuke. Rangi moja tu, ili muhuri uweze kukigonga kwenye pakiti.

Kipimo chake ni kilekile cha siku zote. Anavuka barabara hadi kwa mzee muuza magimbi, anamwonyesha alama karatasini mara moja, anaificha, anamwomba aichore vumbini. Mzee anaipata kwa kidole, bila kusita.

“Hiki si kikombe changu cha asubuhi? Nani kakuruhusu kukichukua?” anamtania.

Luse, aliyefuatana naye, anacheka.

Fuatino mwenyewe hana malu. Aliogopa maumivu, na mama yake alikufa akimngoja achanjwe. Mwezi wa Agosti atalala mkekani pamoja na binti yake, wachanjwe wote wawili.

“Nikishaupata,” anasema akikung'uta vumbi la msasa magotini, “ndipo nitajua jana nilitaka kuuza nini.”