Siku Niliyofunga Grupu Nikashuka Bondeni

Kusema kweli aibu hii bado inanipata kila nikipita sokoni Mbinga mjini, maana kuna jamaa mmoja wa mitumba akiniona tu hunisalimia kwa sauti nzito ya kuigiza, "Ndugu wanajopo," halafu anacheka peke yake, na mimi nacheka naye ili yaishe. Basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na yeye, maana yeye huongeza chumvi, na kisa chenyewe chumvi kinayo ya kutosha.

Tuna grupu letu la kujadili siasa kwenye simu, linaitwa Sengu. (Kwa wageni: sengu kwetu Wamatengo ni ule utaratibu wa ukoo kukaa pamoja, kula pamoja na kuyamaliza mambo yao hapo hapo.) Wamo wakulima wa kahawa wa huku milimani, Kitura, Ukata, Mapera, wamo ndugu zetu wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na wamo watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu. Maadmini tuko wawili, mimi wa milimani na Mama Eulalia wa Mbamba Bay, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, na niseme wazi kwamba sijaona mtu anayeendesha mjadala kama yule mama. Jina la grupu ni la kwetu, yeye ni Mnyasa, akalikubali bila neno, akasema sisi tulete jina, yeye ataleta sheria. Na sheria zake ndizo zilizotuweka hai wakati magrupu mengine yanakufa kwa matusi. Ukiukosea heshima upande wa mwenzio, huchangii tena mpaka uieleze hoja yao vizuri, na wenyewe wakiri kwamba ndivyo wanavyosema. Na kwa sisi maadmini, ambao grupu likifungwa ndio pekee tunaoweza kuandika: aliyelifunga ndiye afungue, mwenzake asiguse, tusije tukaanza kuvutana.

Sasa siku hiyo mada ilikuwa nzito. Serikali inataka kujenga chuo cha ufundi, na maofisa wangekuja kuchukua maoni: kijengwe milimani au ufukweni? Tulikubaliana Sengu itoe tamko moja. Lakini wenzetu wa ziwani walishasema kabisa kwamba wamechoka kusikilizwa mwisho kila mara, safari hii wakibaniwa wanajitoa wote, wafungue grupu lao. Zamu ya kuongoza ilikuwa yangu.

Milimani wakaongea kwanza, wakaongea vizuri tu. Ikabaki zamu ya Mzee Bonaventura wa Liuli, mvuvi aliyestaafu, mtu wa maneno machache ila yakitua yametua. Hapo hapo mke wangu akaniita, wachumaji kahawa wamefika shambani na magunia yamo ndani kwangu. Nikawaza, naenda na kurudi, nafunga grupu kidogo ili watu wasivurugane nikiwa sipo. Nikafunga. Nikabeba magunia nikateremka bondeni kwenye shamba, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza Kitura anajua kwamba mtandao hakuna (mimi admini nilisahau).

Shambani nikakolea kazi. Katikati ya kazi nikataka kumpigia umbea shemeji yangu Longinus, nikachukua simu, jua linapiga kioo, sioni vizuri, nikabonyeza na kuongea. "Shemeji, leo huyu mzee wa Liuli atatumaliza, ana hoja huyu. Lakini chuo kije huku bwana, wao si wana ziwa, wavue." Nikaona kale kasaa kadogo kanakoonyesha ujumbe haujaenda, nikasema utaenda wenyewe. Nikarekodi mwingine. Kisha nikaona nifanye mazoezi ya kufungua tena mjadala nikirudi, nijisikilize sauti, nikakohoa, nikasema "Ndugu wanajopo," nikarudia kwa chini zaidi, "Ndugu wanajopo," na ndani ya sauti hiyo mke wangu anasikika kabisa: "Baba Osmund, unaongea na nani kwenye kahawa?"

Nilipopanda mtelemko saa zimekwenda, mtandao ukarudi, simu ikalia mfululizo. Nafungua nakuta sauti zangu zote zimetua Sengu. Siyo kwa shemeji, Sengu. Na grupu limefungwa, mtu hawezi kujibu wala kuniambia nyamaza, naongea peke yangu mbele ya watu wote kama redio iliyoachwa wazi. Juu ya sauti hizo kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa Mama Eulalia, wa mapema: "Grupu limefungwa na kiongozi wa zamu. Atafungua mwenyewe. Tumsubiri."

Baadaye ndiyo nilijua kwamba watu wa kwao walikuwa wanamwandikia pembeni, mama fungua, wametufungia mdomo hawa, tunajitoa. Angebonyeza mara moja tu angekuwa shujaa wa ufukwe mzima. Hakubonyeza, kwa sababu tulikubaliana. Nilipolijua hilo nilijisikia mdogo mno.

Nilimpigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi kutoka shamba? Fungua, Mzee Bonaventura anasubiri zamu yake. Akimaliza, sheria unaijua."

Hakunisema zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililoniuma. Nikafungua, nikaomba radhi, mzee akaongea. Kisha nikabaki mimi, niieleze hoja ya ziwani kama mwenyeji wa ziwani. Nikarekodi. Mzee akajibu, "Hapana, hujatusikia." Nikarekodi tena, nikasema kuhusu watoto wao wanaosafiri ziwani kwa boti kufuata masomo, na injini zinazoharibika zikasubiri fundi mpaka samaki wanaoza. "Umekaribia." Nilirekodi tena na tena, grupu zima linanisikiliza, mpaka yule mzee akasema, "Hapo umesema kama mtu anayekaa huku."

Hakuna aliyejitoa. Mama Eulalia akaandika: "Asante Baba Osmund. Sasa unaruhusiwa kuchangia. Tetea chuo kijengwe milimani." Nikashika kitufe, nikavuta pumzi, nikakiachia. Hoja zote zilizonijia sasa zilikuwa za ziwani.

Siku hizi nikiwa na zamu sitoki mgongoni mwa kilima penye mtandao, hata kahawa iive yote, na umbea wa shemeji nampelekea kwa miguu. Lakini niko tayari kuaibika tena hata mara ngapi, ilimradi kwenye kiti cha admini mwenzangu akae yule mama.