Buibui Tuliyetaka Kumzika

Tulipokuwa tukipalilia migomba yetu hapa Nyakakika, mdogo wangu wa mwisho alifukua buibui wa shimoni, mkubwa kama kiganja. Akamfuga kwenye ndoo yenye udongo, akimlisha panzi. Mimi, niliyeacha shule ili niwalee wadogo zangu, sikumkataza. Tangu tumzike mama, ni buibui huyo tu aliyemfanya acheke.

Asubuhi moja tulimkuta buibui amelala chali, miguu kaikunja. Mdogo wangu akalia, akataka tumzike. Nikachukua jembe.

"We binti, rudisha jembe!" bibi jirani yetu alinikemea kutoka njiani. "Mzee wa kule chini hajazikwa, nawe unalima?"

"Silimi, bibi. Nazika buibui."

"Hata angekuwa sisimizi! Pakiwa na msiba, jembe haligusi udongo."

Nikatii. Jioni tuliporudi kutoka mazishini, buibui alikuwa amesimama, mweusi, anang'aa, kando ya ngozi kuukuu aliyojivua.

"Dada, kafufuka!" mdogo wangu alipiga kelele, akicheka.

Namshukuru bibi yule hadi leo. Bila ukali wake ningemfukia buibui akiwa hai, na kicheko kile pamoja naye.